Je, ni kweli Leyla Zana alifungwa kwa sentensi moja ya Kikurdi?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Nimepata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili Uturuki, na chuo nilichopangiwa kiko Diyarbakır. Katika kusoma-soma habari za mji huo nikakutana na kipande cha video cha mwaka 1991. Mwanamke kijana, amefunga utepe wa rangi kichwani, anakula kiapo bungeni, mara ukumbi mzima unalipuka kwa kelele na watu wanagonga meza. Maelezo yalisema huyo ni Leyla Zana, na kwamba alikaa jela miaka 10 kwa kuongea Kikurdi bungeni. Nikamuuliza rafiki yangu Mturuki ambaye ananifundisha lugha kwa simu. Alikasirika. Akasema huo ni uongo, yule mama alifungwa kwa ugaidi, na Wakurdi wamekuwa mawaziri tangu zamani, hata waziri wa fedha wa sasa ni Mkurdi. Halafu akanitega: mbunge wenu akianza kuongea Kisukuma pale Dodoma, Spika atamwacha? Nilikosa jibu, na mimi mwenyewe ni Msukuma. Nani anasema kweli? Na nikifika huko, niogope hata kutamka neno Kurdistan?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa ufadhili. Swali lako ni mambo mawili yaliyofungwa fundo moja. Moja ni ukweli wa yule mama, la pili ni hofu yako wewe. Nitaanza na la mama, maana ukilielewa hilo, la kwako litakuwa jepesi.

Wewe na rafiki yako nyote mmeshika kweli, ila kila mmoja kashika upande wake. Kosa lililoandikwa kwenye hukumu ya Leyla Zana si kuongea Kikurdi. Limeandikwa kuwa ni uanachama wa kundi lenye silaha, yaani PKK, waasi wa Kikurdi wanaopigana na serikali ya Uturuki. Hapo rafiki yako yuko sawa. Lakini ukifuata njia iliyompeleka kizimbani, utaikuta sentensi ile imekaa mlangoni kabisa. Na ile hoja ya "mbona wapo mawaziri Wakurdi" ni kweli tupu, tena ni kweli inayosaidia kulielewa jambo hili kuliko yeye anavyodhani. Nitaifikia.

Leyla Zana alizaliwa mwaka 1961 katika kijiji kilicho jirani na Silvan, mkoa huohuo wa Diyarbakır unaokwenda wewe. Nyumbani lugha ilikuwa Kikurdi, na shule hakuifaidi. Alipofika miaka 14 akaozwa kwa Mehdi Zana, mtu wa ukoo wa baba yake, aliyemzidi miaka ipatayo 20. Mehdi alikuwa fundi cherehani na mwanasiasa, na mwaka 1977 watu wa Diyarbakır wakamchagua kuwa meya wao. Tarehe 12 Septemba 1980 jeshi likapindua serikali. Meya akakamatwa pamoja na maelfu ya wengine, akatupwa katika gereza la kijeshi namba 5 la mji huo, gereza ambalo mpaka leo wazee wa Diyarbakır wakilitaja hupunguza sauti, kwa mateso yaliyofanyika humo.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo kiini kilipo. Gerezani humo palikuwa na amri moja iliyojulikana kwa kila mfungwa: "Türkçe konuş, çok konuş", ongea Kituruki, ongea sana. Amri iliwahusu na wageni. Mke akija kumtazama mumewe, au mama akija kumtazama mwanawe, waongee Kituruki au wanyamaze. Sasa fikiria mama wa kijijini asiyejua hata neno moja la Kituruki. Amesafiri siku nzima, amesimama foleni, amefika mbele ya mwanawe, na dakika alizopewa zinakwisha wakitazamana tu. Leyla alikuwa mmoja wa wanawake hao. Mume wake yuko mbele yake na maneno hayaruhusiwi kutoka. Akaamua kujifunza. Alijifunza Kituruki miaka hiyo ya kuzunguka magerezani akimfuata mumewe, huku akilea watoto wawili, kisha akafanya mitihani ya shule mpaka sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa hiyo ukimsikia katika ile video akisoma kiapo kwa Kituruki kilichonyooka, ujue Kituruki kile gharama yake ilikuwa nini. Mwaka 1988 naye akakamatwa baada ya ghasia nje ya gereza, na kwa maelezo yake mwenyewe aliteswa. Alitoka mahabusu akiwa mtu mwingine, akaingia kwenye uandishi wa habari na kutetea familia za wafungwa. Mehdi aliachiwa mwaka 1991.

Mwaka huohuo ukaja uchaguzi wa Oktoba. Uturuki wakati ule ilikuwa na kizingiti cha asilimia 10 (kimeshushwa hadi 7 mwaka 2022 tu). Maana yake, chama kinaweza kuzoa karibu kura zote za Diyarbakır, lakini kwa hesabu ya nchi nzima kikiishia asilimia 9, kinatoka mikono mitupu. Chama kipya cha siasa za Kikurdi, HEP, kikapita njia ya pembeni: wagombea wake waliwekwa kwenye orodha ya SHP, chama cha mrengo wa kushoto cha Erdal İnönü. Wakaingia bungeni kama 20 hivi. Leyla Zana, miaka 30, akawa mwanamke wa kwanza wa siasa za Kikurdi kuchaguliwa katika bunge lile lenye viti 450. Wanawake wote humo walikuwa 8.

Sasa video yako. Ni tarehe 6 Novemba 1991, siku ya viapo. Kiapo cha mbunge wa Uturuki kimeandikwa neno kwa neno katika kifungu cha 81 cha Katiba, hairuhusiwi kuongeza wala kupunguza, na mwisho wake mbunge anaapa "mbele ya taifa kuu la Kituruki, kwa heshima na hadhi yangu". Kabla ya Leyla, mwenzake Hatip Dicle alikuwa ameshapanda na kusema kwamba yeye na wenzake wanasoma maneno hayo kwa shinikizo la Katiba. Ukumbi ukawa umeshachemka. Ndipo akapanda Leyla na utepe wake wa njano, nyekundu na kijani, rangi za Wakurdi, na machoni pa wengi mle ndani, rangi za PKK.

Alisoma kiapo chote kwa Kituruki. Nalirudia hili kwa sababu maelezo mengi ya mitandaoni hulikosea: chote, kwa Kituruki. Kisha akaongeza sentensi moja kwa Kikurdi, maana yake kwamba kiapo hiki anakila kwa ajili ya udugu wa watu wa Kituruki na watu wa Kikurdi. Hakuna tusi ndani yake, wala hakuna neno la kujitenga. Kelele ulizozisikia zilikuwa za lugha na za utepe. Waliokuwa wakigonga meza wengi wao hawakuelewa hata alichosema.

Na hapa ndipo pa kumjibu rafiki yako kuhusu Kisukuma. Mtego wake ni mzuri, usiupuuze. Ni kweli Spika wa Dodoma atamkatiza mbunge anayeongea kilugha, na bunge lolote lina haki ya kuweka lugha ya kazi. Lakini baada ya kukatizwa, nini kinafuata? Watu watacheka, mbunge atageuza maneno, na jioni Wasukuma watakuwa bado wapo. Hakuna aliyewahi kukwambia wewe kwamba Msukuma ni Mnyamwezi aliyepotea njia na kwamba kabila lako halijawahi kuwepo. Uturuki, Wakurdi waliambiwa hivyo kabisa. Kwa miongo mingi kauli rasmi ilikuwa kwamba hakuna Wakurdi, wapo "Waturuki wa milimani". Utawala wa kijeshi ulipitisha mwaka 1983 sheria namba 2932 iliyopiga marufuku kuchapisha na kutangaza kwa Kikurdi, tena bila kuitaja lugha yenyewe kwa jina. Sheria hiyo ilifutwa Aprili 1991, miezi saba tu kabla ya kiapo. Kwa hiyo siku ile Kikurdi hakikuwa tena kosa mtaani, ila kuingia nacho bungeni kulikuwa ni kukitoa kaburini mbele ya waliokizika.

Kwa nini basi hakukamatwa palepale? Kinga ya mbunge, kifungu cha 83. Ilimlinda miaka miwili na zaidi. Katika miaka hiyo vita kati ya serikali na PKK, vilivyoanza 1984, vilifikia ukali wake wote. Na hapa tuwe waadilifu kwa rafiki yako, maana pengine kwao kuna kaka au mjomba aliyerudi ndani ya sanduku kutoka huko mashariki. Vita vile kwa jumla vimeua zaidi ya watu 40,000. PKK iliua askari, na iliua pia walimu na wanakijiji. Upande wa pili, dola iliwahamisha watu kwa nguvu kutoka vijiji na vitongoji zaidi ya 3,000, na wanasiasa wa Kikurdi waliokotwa maiti. Vedat Aydın, kiongozi wa HEP Diyarbakır, aliuawa Julai 1991. Mbunge Mehmet Sincar alipigwa risasi katika mji uitwao Batman, Septemba 1993. Mturuki wa kawaida akiona ule utepe aliona jeneza la mwanajeshi, naye Mkurdi akisikia ukumbi ule unavyozomea alisikia mlango wa gereza namba 5. Hakuna kati ya hao aliyekuwa akijifanya.

HEP ilifungiwa na Mahakama ya Katiba mwaka 1993, wabunge wake wakahamia chama kipya, DEP. Machi 1994 bunge likawavua kinga, polisi wakawabeba wengine mlangoni mwa bunge lenyewe. Mwendesha mashtaka alitaka wahukumiwe kwa kifungu cha uhaini, ambacho adhabu yake wakati ule ilikuwa kifo. Tarehe 8 Desemba 1994 mahakama ya usalama wa taifa, yenye jaji mmoja mwanajeshi, iliwapa Leyla Zana, Hatip Dicle, Orhan Doğan na Selim Sadak miaka 15 kila mmoja, kwa uanachama wa kundi lenye silaha.

Je, ushahidi ulitosha? Sihitaji kukupa maoni yangu, lipo jibu la majaji. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo Uturuki imekubali mamlaka yake, ilisema mwaka 2001 kwamba kesi haikuwa ya haki: mahakama haikuwa huru kwa sababu ya yule jaji wa kijeshi, washtakiwa walibadilishiwa kosa mwishoni bila kupewa muda wa kujitetea upya, na hawakupata nafasi ya kuwahoji mashahidi waliowashtaki. Angalia vizuri lakini, mahakama hiyo haikusema "hawana hatia". Ilisema mizani iliyowapimia ilikuwa mbovu. Na kile kiapo, na zile rangi, vilikuwemo kwenye rundo la mambo waliyoshtakiwa nayo. Kwa hiyo mtu akikwambia alifungwa kwa ajili ya sentensi moja tu, mwambie anarahisisha. Akikwambia sentensi ile haikuhusika, huyo naye anapunguza.

Akiwa gerezani Bunge la Ulaya lilimpa tuzo ya Sakharov ya mwaka 1995, na ilibidi imngoje. Mwaka 1997 ilijitokeza nafasi ya kuachiwa kwa sababu za kiafya, akaikataa kwa kuwa wenzake wangebaki. Mwaka uliofuata akaongezewa miaka miwili kwa makala aliyoiandika. Alitoka tarehe 9 Juni 2004, wakati Uturuki ikibisha hodi Umoja wa Ulaya. Siku hiyohiyo aliyotoka, televisheni ya taifa TRT ilirusha kwa mara ya kwanza kipindi cha Kikurdi. Sijui kama kuna mwandishi wa riwaya angethubutu kupanga hivyo.

Sasa nirudi kwa mawaziri Wakurdi. Rafiki yako alikutajia waziri wa fedha, Mehmet Şimşek. Kweli, ni mtoto wa kijiji cha Kikurdi mkoani Batman, Kituruki alikikuta shuleni, na leo ndiye anayeshika mkoba wa uchumi wa nchi. Mimi ningemwongezea wa kwake aliye mzito zaidi, Hikmet Çetin. Huyu alizaliwa Lice, mkoa huohuo wa Diyarbakır. Chama chake kilikuwa SHP, ileile iliyombeba Leyla kwenye orodha yake. Na Novemba 1991, mwezi uleule wa kiapo, ndipo alipoapishwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uturuki. Baadaye akawa Spika wa Bunge. Wote Wakurdi, wote wa mkoa mmoja na tiketi ya chama kimoja. Mmoja akaenda kuiwakilisha nchi mbele ya dunia, mwingine akaishia Ulucanlar, gereza la Ankara.

Tofauti yao haiko kwenye damu. Mkurdi Uturuki anaweza kupanda hadi juu kabisa. Hajawekewa ubao wa kumzuia kama ilivyokuwa kwa mtu mweusi Afrika Kusini ya makaburu, na anayekwambia hivyo anakudanganya. Mlango uko wazi kwa mtu. Kinachopekuliwa mlangoni ni mzigo alioubeba. Ukiingia kama raia ambaye nyumbani kwao wanaongea Kikurdi, pita, karibu. Ukiingia ukisema "sisi Wakurdi ni watu, na tuandikwe hivyo", hapo ndipo unaposimamishwa.

Hili limejengwa ndani ya sheria. Mkataba wa Lausanne wa 1923 uliwatambua kama wachache wale wasio Waislamu tu. Wakurdi, kwa kuwa wengi wao ni Waislamu, wakahesabiwa ndani ya walio wengi. Kifungu cha 66 cha Katiba kinasema kila aliyefungwa na dola ya Uturuki kwa uraia ni Mturuki. Na sheria ya vyama vya siasa inakataza chama kudai kwamba nchini kuna watu wachache kwa misingi ya lugha au taifa. Hapo ndipo unaona kwa nini vyama vya Kikurdi vinafungiwa kimoja baada ya kingine: HEP 1993, DEP 1994, HADEP 2003, DTP 2009. Kila kikifa kinazaliwa kingine kikiwa na herufi tofauti, na wapiga kura walewale.

Kuna aliyejaribu kubeba vyote viwili, uwaziri na ule mzigo. Şerafettin Elçi alikuwa Waziri wa Ujenzi katika serikali ya Waziri Mkuu Ecevit, na mwaka 1979 akasema hadharani kwamba Uturuki kuna Wakurdi, na yeye ni Mkurdi. Baada ya mapinduzi akafungwa zaidi ya miaka miwili. Leo ukitua Şırnak, uwanja wa ndege unaitwa kwa jina lake.

Tena hali haikwenda kwa mstari ulionyooka. Januari 2009 TRT ilifungua stesheni nzima ya Kikurdi. Mwezi uliofuata, mkongwe Ahmet Türk, kiongozi wa DTP, alianza kuwahutubia wabunge wake kwa Kikurdi ndani ya jengo la bunge, na TRT hiyohiyo ikakata matangazo.

Leyla alirudi bungeni mwaka 2011, safari hii kama mgombea binafsi, na akaapa bila kuongeza chochote. Mwaka 2012 alikwenda kuonana na Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu, baada ya kusema anaamini huyo anaweza kulimaliza tatizo. Wakurdi wengine walimnunia kwa hilo. Kisha ukaja uchaguzi wa Novemba 2015, wakati mazungumzo ya amani yameshavunjika na mapigano yamerudi. Leyla, sasa wa miaka 54, akapanda jukwaani. Akaanza kwa Kikurdi, akisema anatumaini amani yenye heshima na ya kudumu. Halafu akasoma kiapo kwa Kituruki, na alipofika kwenye "Türk milleti" akasoma "Türkiye milleti".

Sisi wenye Kiswahili tuna bahati ya kuielewa tofauti hiyo haraka kuliko Mzungu, maana kwetu inakaa kwenye kiambishi tu. Kilichoandikwa ni taifa la Kituruki. Alichosema ni taifa la Uturuki. *Ki-* ni ya watu na lugha yao, *U-* ni ya nchi na wote waliomo. Deniz Baykal, aliyekuwa akiongoza kikao kwa sababu ya umri, akatamka kwamba kiapo hakikuhesabika na akamtaka arudi akisome upya. Leyla alikuwa ameshatoka ukumbini. Hakurudi kuapa. Alikaa na ubunge usio na kiapo mpaka Januari 2018, bunge lilipomvua kwa utoro.

Ukinibana nikupe kauli yangu, ni hii: ugomvi wote wa Leyla Zana na dola yake ulikuwa juu ya kiambishi hicho. Simwoni kuwa malaika. Kwa PKK alikuwa na ulimi laini kuliko ambavyo mjane wa askari angeweza kuvumilia, na ule utepe wa 1991, katika mwaka ule wa damu, ulikuwa uamuzi wenye gharama ambazo hakuzilipa peke yake. Lakini miaka 10 kwa kesi ambayo mizani yake ilikuwa mbovu, hilo siwezi kuliita haki.

Tuje kwako. Neno Kurdistan, yaani nchi ya Wakurdi. Desemba 2017 mbunge Osman Baydemir alilitamka bungeni, akaulizwa na aliyeongoza kikao Kurdistan iko wapi, akaweka mkono kifuani kwamba iko hapa. Akafungiwa vikao viwili. Huyo ni mbunge. Wewe ni mgeni mwenye kibali cha ukaazi, na kibali kinaweza kufutwa, kwa hiyo pima maneno yako.

Ila usiende na hofu isiyo na sababu. Kuongea Kikurdi si kosa. Utakisikia sokoni, kwenye basi, kwenye harusi zinazofunga mtaa mzima. Kujifunza maneno mawili matatu kutakufungulia nyumba za watu: *roj baş* ni habari za mchana, *spas* ni asante. Nakumbuka nilipomwambia *spas* mzee mmoja aliyeniuzia chai ndani ya mji wa kale, alirudisha sarafu zangu mezani na kuongeza glasi ya pili. Kusoma historia hii, kuuliza maswali, kusikiliza pande mbili, yote ni halali.

Kinachoweza kukuingiza matatani ni vitu mahususi. Kifungu cha 7 cha sheria ya kupambana na ugaidi kinaadhibu propaganda ya kundi la kigaidi kwa mwaka mmoja hadi mitano jela, na mahakama zimekitafsiri kwa upana: picha ya Öcalan, mwanzilishi wa PKK, bendera, kauli mbiu, hata kusambaza chapisho la mtu mwingine. Kifungu cha 299 cha sheria ya jinai kinaadhibu kumtukana Rais. Kwa hiyo ile video, itazame, usiisambaze ukiwa kule na maneno ya ushabiki, hata kama mwenzako wa chumbani ameshafanya hivyo. Maandamano yapite mbali, na Newroz, sikukuu ya mwaka mpya wa Kikurdi ya Machi 21, nenda ukale na kucheza, bendera uliyopewa na mtu usiyemjua irudishe kwa adabu. Usilichukulie kirahisi kwa kuwa tangu Mei 2025 PKK imetangaza kujivunja. Sheria hizo bado zipo vitabuni.

Ukiitwa kituoni, hata kama wanasema ni mazungumzo ya dakika tano, hapo ushauri wa mtandaoni umekwisha, wangu ukiwemo. Una haki ya wakili na ya mkalimani. Usisaini karatasi usiyoielewa, hata kama Kituruki chako kimeshakuwa kizuri, kwa sababu Kituruki cha polisi si cha darasani. Omba wakili kupitia chama cha mawakili cha mkoa, wanakiita *baro*. Kama huna pesa unapewa bila malipo. Wajulishe ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni na ubalozi wetu Ankara. Tena ubalozini jiandikishe wiki ya kwanza tu ukifika. Wengi hukumbuka wakiwa na shida tayari.

Na rafiki yako usimwache na hasira. Anza kwa kumkubalia lililo kweli, kwamba hukumu haikusema Kikurdi na kwamba Şimşek ni Mkurdi. Kisha mtajie Hikmet Çetin na Novemba 1991, umuulize yeye, kama Mturuki, sentensi ile ya udugu ilimchoma wapi. Jibu lake litakufunza kuhusu nchi unayokwenda kuliko mimi nilivyoweza hapa, na ningependa uniandikie alichosema.